Mfalme Aliyeguswa: Kisa cha Raundi ya Tatu na Mchezaji Aliyetupotea Miezi Miwili

Nianze kwa kukiri ili baadae mtu asije akasema nimejificha nyuma ya maneno: mwamuzi wa shindano hilo la chesi la klabu yetu nilikuwa mimi mwenyewe. Na nilikuwa nacheza pia, meza ya pembeni yao kabisa, maana klabu ndogo ndivyo zinavyoendeshwa, yule anayejua sheria zaidi kidogo ya wenzake ndo anabebeshwa urefa na bado anacheza raundi zote kama kawaida. Kwahiyo hiki kisa sikuhadithiwa, nilikiona kwa macho yangu kikitokea kama mita moja na nusu kutoka nilipokaa, na nikakiacha kipite.

Lilikuwa shindano la ndani la klabu, wachezaji 14, raundi 5 kwa mfumo wa Uswisi, yaani kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi kama zako au za karibu. Dakika 60 kwa kila mchezaji, hakuna nyongeza ya sekunde. Wanawake walikuwa wawili tu kati ya hao 14. Mmoja wao ndo huyu ninayemzungumzia, nitamwita yule dada, jina lake halihusiki. Reti yake ya klabu, yaani namba ya kupima uwezo wa mchezaji, ilikuwa 1500 na aliingia raundi ya tatu akiwa na pointi 2 kati ya 2, kitu ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukifanya kwetu. Akapangwa na mtu tunayemwita mwalimu, reti 1740, naye ana 2 kati ya 2.

Huyu mwalimu si mtu mbaya na nataka mlielewe hilo kabla hamjaanza kumpiga mawe. Ubao wa kwanza wa klabu ulitoka kwake. Nusu yetu tulijifunza kwake tofauti ya kubadilishana kete na kutupa kete, na huyo dada pia ni mwanafunzi wake, ufunguzi wote anaocheza amefundishwa na yeye. Sasa hapo ndo ugumu wa kisa unapoanzia, maana unamdai nini mtu aliyekufundisha kudai?

Kwa hesabu za Elo, mfumo wa kukokotoa reti, tofauti ya pointi 240 maana yake yule dada anategemewa kuvuna kama 0.20 kwa mchezo, yaani wakicheza michezo kumi apate pointi mbili hivi. Kwahiyo hakuna aliyetegemea kitu. Lakini mwalimu alicheza ufunguzi wake wa Sisiliani kwa mazoea, kama mtu anayepita njia ya nyumbani bila kuangalia chini, akapoteza askari wa a, na mpaka tunafika robo ya mwisho ya muda wamebaki na ngome moja moja. Msimamo niliuandika baadae kutoka kwenye karatasi yake, mwenye ubao apange (herufi ni safu, namba ni mstari):

Nyeupe (yule dada): mfalme f3, ngome a8, askari a7 na g5.
Nyeusi (mwalimu): mfalme g7, ngome a1, askari g6 na h7.
Zamu ya nyeusi.

Ukiutazama haraka unasema aah, mfalme wa nyeusi aende upande wa askari wa a7 akamle yaishe. Sasa hesabu huyo mfalme anaweza kwenda wapi. Mstari wa nane wote unashikwa na ngome ya a8. f6 na h6 zinashikwa na askari wa g5. g6 na h7 wamekaa askari wake mwenyewe. Imebaki f7 peke yake. Na f7 ni shimo! Akiingia f7 nyeupe anacheza ngome kwenda h8, sasa askari wa a7 anataka kuwa malkia, nyeusi inabidi amle kwa ngome, halafu nyeupe anakula h7 kwa cheki, yaani anamshambulia mfalme, na mfalme akikimbia ngome iliyobaki kule a7 inaliwa bure. Huu mtego ni wa zamani sana kwenye endgemu za ngome, yaani mwisho wa mchezo zikibaki ngome, mwalimu mwenyewe ndo aliyetufundisha, kwa kete kubwa za ukutani kabisa.

Maana yake ni kwamba nyeusi anatakiwa aache mfalme atulie g7 na acheze ngome yake tu juu na chini kwenye safu ya a. Akifanya hivyo bado ana mchezo, anaweza kumsumbua mwenzake mpaka saa ziishe. Akigusa mfalme kwisha, maana kwenye chesi kete uliyoigusa lazima uicheze.

Akagusa mfalme.

Nilikuwa nimeinua kichwa wakati huo, siwezi kusingizia kwamba sikuona. Alimshika kwa vidole vitatu pale juu kwenye msalaba, akamwinua kama sentimita mbili hivi, akawa anampeleka kulia kwake kuelekea f7, halafu macho yake yakaruka kwenda h8. Unajua ile namna mtu anavyoganda. Mkono ukarudi, mfalme akawekwa tena g7, akamzungusha kidogo kama mtu anayemnyoosha, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "narekebisha". Akachukua ngome, a1 kwenda a2, akapiga saa.

Yule dada hakugusa kete yoyote. Aliweka mikono mapajani akasema, tena kwa heshima kabisa, "Mwalimu, umegusa mfalme."

"Nimerekebisha tu binti yangu. Cheza, taimu yako inaenda."

Kulikuwa na watu watatu wamesimama juu ya meza yao maana michezo yao ilishaisha, wakacheka. Si kicheko kibaya, kile cha kuzimisha mambo. Mmoja akasema dada acha ukali ni mchezo tu. Yule dada akageuka akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na dakika moja na sekunde arobaini kwenye saa yangu na msimamo wangu unanuka, nikasema, "Chezeni jamani, kuna watu wanafikiri."

Hiyo sentensi nimeisikia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile.

Saa ya yule dada ilikuwa na dakika 11 na inakimbia. Alikaa kama dakika nzima anaangalia ubao lakini nadhani alikuwa haoni ubao. Akasogeza mfalme. Mwalimu akacheza akaomba sare, dada akakataa kwa kutikisa kichwa. Muvu mbili mbele, yeye akiwa anafikiri, taimu yake inatembea, mwalimu akaomba tena. Halafu ya tatu ikaja na maneno, "tusichoshane binti, hii sare iko wazi". Akakubali. Akasaini karatasi, akapanga kete zote mahali pake, hata za mwalimu akapanga, akaenda zake nje.

Raundi ya nne alipoteza kwa muvu ishirini na kitu dhidi ya kijana ambaye siku zote yeye ndo humshinda. Raundi ya tano hakutokea. Miezi miwili hatukumwona.

Sasa tuichambue, na nianze na sheria maana ndo sehemu rahisi, ingawa ndo niliyoivuruga.

Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kifungu cha 4.2 kinasema mwenye zamu anaruhusiwa kurekebisha kete kwenye mraba wake kwa sharti kwamba anatangaza nia yake kwanza. Kwanza! Ndo maana ya neno lenyewe, unasema halafu unagusa. Na kipande kinachofuata cha kifungu hichohicho kinaongeza kwamba mguso mwingine wowote, ukiacha ule wa bahati mbaya ulio wazi, unahesabika ni nia ya kucheza. Kisha 4.3 inamalizia, umegusa kete yako kwa nia ya kuicheza basi icheze kama ina muvu halali. Mfalme alikuwa na muvu halali moja tu, f7.

Watu wengi kwenye grupu la klabu walisema "ni neno lake dhidi ya neno la mwalimu". Hapana, hebu sikilizeni vizuri alichojibu mwalimu. Hakusema sijagusa, alisema nimerekebisha. Kwa hiyo kugusa amekiri mwenyewe mbele ya watu wanne, na swali lililobaki ni moja tu la kijinga kwa urahisi wake, ulisema kabla au baada? Refa anayejua kazi yake anasimamisha saa, anamuuliza huyu, anamuuliza na yule, anawauliza wale watatu waliokuwa wamening'inia juu ya meza, dakika mbili limeisha. Ngome inarudi a1, mfalme anaenda f7, mchezo unaendelea. Nilichofanya mimi ni kutoa uamuzi bila kujua kwamba nimetoa uamuzi. Nilipomwambia acheze nilikuwa nimeshaikataa hoja yake, na sikuuliza hata swali moja.

Kuna kifungu kingine ambacho kinawaponza wengi, 4.8, kwamba ukishagusa kete yako kwa nia ya kucheza umepoteza haki ya kudai kosa la mwenzako la kugusa. Wakati anasema "umegusa mfalme" haki yake ilikuwa hai kabisa. Aliposogeza mfalme wake baada ya mimi kumwambia acheze, ikafa. Yaani mimi ndiye niliyemwambia aizike.

Na zile ofa tatu za sare. Kifungu cha 11.5 kinakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote na kinataja wazi ofa za sare zisizo na maana. Ofa inatakiwa itolewe baada ya kucheza muvu yako kabla hujapiga saa, si mwenzako akiwa katikati ya kufikiri. Ya kwanza sawa tuiache, ya pili na ya tatu zilitakiwa zimpatie mwalimu onyo na pengine zimpe dada dakika za ziada.

Basi, kisheria hakuna utata wowote, na kama kisa kingekuwa cha sheria tu ningeishia hapa. Kilichonisumbua ni kwa nini watu watano tunaojua hizo sheria, mimi, mwalimu na wale watatu, tulikubaliana bila kuongea kwamba siku hiyo hazifanyi kazi.

Swali lililorudiwa sana ni hili: mbona hakusimamisha saa akaita refa rasmi? Kweli inaruhusiwa, mchezaji anaweza kusimamisha saa ili kuomba msaada wa mwamuzi. Lakini mwenye swali hilo namkumbusha Linares, Uhispania, 1994. Judit Polgár ana miaka 17, anacheza na Garry Kasparov bingwa wa dunia. Kasparov anaweka farasi c5, anamwachia, anaona kuna askofu anakuja c6 kumharibia, anamshika tena farasi na kumpeleka f8. Kamera za televisheni zilionyesha kwamba vidole viliachia kete, kama robo ya sekunde hivi. Polgár alimtazama mwamuzi, mwamuzi hakufanya kitu, naye hakudai, akapoteza mchezo. Baadae alieleza kwamba hakutaka kuleta mtafaruku kwenye shindano kubwa namna ile ambalo ndo kwanza amealikwa, na aliogopa akidai ikakataliwa ataadhibiwa kwenye saa wakati tayari ana presha ya muda. Huyo ni mtu aliyekuwa tayari GM, yaani grandmasta, taito ya juu kabisa ya chesi, tangu 1991, aliyevunja rekodi ya Bobby Fischer ya kuwa GM mdogo kuliko wote. Ikiwa yeye alimtazama mwamuzi akanyamaza, huyu wetu wa reti 1500 aliyekuwa anacheza na mwalimu wake unamtaka awe nani?

(Polgár alimfunga Kasparov mwaka 2002 kule Moscow, mchezo wa haraka. Nimeweka tu kwa wanaopenda kujua mwisho wa visa.)

Nikarudi nyuma nikakumbuka kitu ambacho hakikunifurahisha. Misimu miwili kabla ya hapo mwalimu huyohuyo aligusa askofu dhidi ya mzee mwenzake, mzee akasema umegusa, mwalimu akanung'unika kidogo, akacheza askofu, akapoteza. Hakuna aliyecheka wala kusema ni mchezo tu. Kwahiyo sheria ya kugusa kwetu ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa inategemea anayedai ni nani.

Mtu mmoja akanibishia, na alikuwa na hoja, kwamba hata angekuwa kijana wa kiume mdogo angenyamazishwa vilevile, kwahiyo hili ni suala la umri na heshima wala si jinsia. Nikafikiria sana. Tulishakuwa na kijana wa miaka 16 aliyefanyiwa kitu cha aina hiyo na mtu mwingine, akapandisha sauti mpaka meza zote zikasimama, akapewa haki yake, na tangu siku hiyo tunamwita mpambanaji. Yule dada alisema maneno matatu kwa sauti ya kawaida akaitwa mkali. Nadhani umri na jinsia vyote vilikuwepo pale mezani, ila kijana alikuwa na mlango wa kutokea ambao yeye hakuwa nao. Angepandisha sauti ndo angekuwa amethibitisha wanachosema.

Wiki moja baadae grupu likaacha kabisa habari ya mfalme na kuhamia kwenye ubongo. Si mnajua ilivyo. Mara wanawake hawana moyo wa mashindano, mara bongo zao hazikai na hesabu za mbali, mara mbona hakuna bingwa wa dunia mwanamke. Mimi hapo huwa nachoka ila nilijibu. Polgár alifika reti 2735 mwaka 2005 na nafasi ya 8 duniani, sijui mwenye kuandika hayo maneno yeye ni wa ngapi. Kuhusu mbona wachache kileleni, kuna watafiti, Bilalić na wenzake, walichukua wachezaji wa Ujerumani mwaka 2009 wakalinganisha mia bora wa kiume na mia bora wa kike, wakakuta asilimia 96 ya tofauti inaelezewa na idadi tu, maana kule wanaume walikuwa kama 16 kwa kila mwanamke mmoja. Ukivua samaki kwenye bwawa kubwa mara kumi na sita, mkubwa kuliko wote atatoka huko hata kama samaki ni walewale. Utafiti huo umepingwa pia, kuna waliosema hesabu yake imerahisisha mambo, sisemi ni msahafu.

Na kuna mwingine wa 2008 wa Maass na wenzake, huo ndo ulinifanya nikae chini. Waliwakutanisha wanawake na wanaume wenye uwezo sawa, jozi 42, wacheze kwa intaneti. Wanawake walipojua wanacheza na mwanaume walicheza vibaya, walipodanganywa kwamba mpinzani ni mwanamke mwenzao, na ni yuleyule mwanaume, wakacheza sawa naye. Mtu akaniletea haraka utafiti wa Stafford wa 2018, mamilioni ya michezo ya mashindano halisi, uliokuta kinyume chake, kwamba wanawake wakicheza na wanaume wanapata kidogo zaidi ya wanavyotegemewa. Akadhani amenifunga mdomo, kumbe amenisaidia. Kama wanawake wakikaa kwenye mashindano halisi wanafanya vizuri kuliko reti zao zinavyosema, basi tatizo la klabu yangu haliko kwenye vichwa vyao, liko kwenye kinachowafanya wasikae. Yule dada alikuwa na mbili kati ya mbili na ngome iliyoshinda kama mpinzani angecheza kete aliyoigusa. Hakuhitaji kufundishwa kujiamini.

Wale waliocheka nao niliwapelekea kisa cha Karlsbad 1929. Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake tangu 1927, aliingia shindano la wanaume, na Albert Becker akatania kwamba yeyote atakayefungwa naye aandikishwe kwenye klabu ya Vera Menchik. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadae hata Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1935, alijiunga. Wakacheka tena, safari hii tofauti kidogo.

Ikaja kamati. Pendekezo la kwanza kabisa mezani lilikuwa tuanzishe kundi la wanawake, wacheze peke yao, na kikombe chao. Kila mtu akaona limeisha hilo, wote tukarudi kuwa watu wema. Mimi sina ugomvi na mashindano ya wanawake, yamewapa wengi sehemu ya kuanzia na marafiki wa kusafiri nao na taito, ingawa WGM, yaani grandmasta wa kike, inataka reti 2300 na GM inataka 2500 na kuna wachezaji wakubwa wa kike wanaobishana wenyewe kama hiyo ngazi ya pembeni inasaidia au inawashusha. Ila nikauliza, tukiwa na wanawake watatu kundi lao litacheza raundi ngapi? Na hasa, je yule dada ndicho alichoomba? Kuna watu wanataka tu kucheza na yeyote. Hou Yifan, aliyekuwa bingwa wa dunia wa wanawake akiwa na miaka 16, kule Gibraltar 2017 alipangiwa wanawake saba kwenye shindano la wazi, na raundi ya mwisho akakubali kushindwa kwa makusudi baada ya muvu tano kuonyesha hasira yake. Hakuwa amekuja shindano la wazi ili apangiwe ya wanawake kwa mlango wa nyuma.

Nikampigia simu yule dada. Nilianza na kuzunguka zunguka, klabu imekukosa, watu wanakuulizia, mambo hayo. Akanikatiza. "Mimi sikuja kutafuta kikombe cha wanawake, nilikuja kutafuta pointi yangu. Nyie wote mliona." Nikamwambia ndio, niliona. Kimya kikapita pale kirefu, ndipo akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba mwalimu kumfanyia vile hakumuumiza sana kwa sababu mtu akiwa na dakika nne anaweza kufanya lolote, kilichomtoa ni kwamba alipogeuka kuniangalia mimi nilikuwa naangalia saa yangu.

Kwa mwalimu nilienda mwenyewe. Alikaza kwanza. "Nimecheza miaka yote hii hakuna aliyewahi kunidai kitu kama kile," na nikamkumbusha ile ya askofu. Akanyamaza, akaniambia nipange ule msimamo. Nikapanga. Akamshika mfalme, akampeleka f7, akacheza mwenyewe ngome h8, akala a7, akala h7, akaweka mkono juu ya ngome iliyobaki bila kuiondoa. Akasema, "Nilimfundisha mimi hii." Baadae alimtumia meseji dada, sijui iliandikwa nini na sikuuliza.

Matokeo hatukuyabadilisha, karatasi ilishasainiwa, sare ni sare, na kwa K ya 20 tunayotumia (namba inayoamua reti ipande au ishuke kiasi gani kwa mchezo mmoja) dada alipata pointi 6 za reti badala ya 16 ambazo angepata kwa ushindi. Hizo 10 ni deni langu.

Tulichobadilisha ni vitu vya kawaida kiasi kwamba naona aibu kuviandika. Refa hachezi tena, tunazungushana, raundi moja moja, na anayekosa mchezo anapata nusu pointi ya mapumziko. Watazamaji wanasimama nyuma ya kamba, tena tulitumia kamba ya kawaida tu, viti viwili huku viwili kule. Kila meza ina kijikaratasi kimeandikwa simamisha saa, inua mkono. Na kabla ya raundi ya kwanza mtu anasoma vifungu vitatu kwa sauti, cha kugusa, cha kurekebisha na cha ofa za sare, wazee wanapiga miayo lakini wanasikia. Kundi la wanawake tukaliacha kwanza, tukawauliza wenyewe, wakasema siku wakifika nane wataliomba.

Yule dada alirudi kwenye shindano lililofuata. Raundi ya pili mpinzani wake alimgusa askofu akamrudisha. Akasimamisha saa, akainua mkono. Refa wa siku hiyo, kijana mmoja mpole ambaye ndo mara yake ya kwanza, akaja akauliza huyu, akauliza yule, akauliza meza ya jirani, na meza ya jirani ikasema kweli jamaa alitamka narekebisha kabla hajagusa, ila kwa sauti ndogo. Hoja ikakataliwa. Nilikuwa nyuma ya kamba nimeshika pumzi. Akasema sawa, akawasha saa, akarudi kuinamia ubao.

Mchezo ule alipoteza muvu ya 38. Wiki iliyofuata nafika klabu nikamkuta yeye keshafungua, anapanga kete.